Negroni ya Mia Mbili Haipo

Wasee, kabla mtu mwingine aniulize kwa nini ile video ya Desemba haikutoka, wacha niandike mara moja halafu tusonge. Itakuwa ndefu kidogo. Lakini ndani yake nimeweka jinsi ya kutengeneza Negroni nyumbani, hatua kwa hatua, kwa hivyo hata kama mambo yangu hayakuhusu, hutatoka mikono mitupu.

Iko hivi. Mwezi wa Oktoba kampuni moja ya pombe iliniandikia. Jina silitaji. Walikuwa wameona ile video yangu ya kwanza ya Negroni, ile niliyorekodia kwa keja yangu hapa Zimmerman, simu ikiwa imesimamishwa juu ya sufuria mbili. Mnajua ile video ilinifanyia nini. Nilitoka kwa wafuasi elfu tatu hadi elfu arobaini kwa wiki mbili, na mpaka leo sijui ni kwa nini hiyo na si zile zingine.

Walitaka nifanye nyingine, ila kwa kinywaji chao. Chupa ndogo, rangi nyekundu, tamu kama juisi ya unga, bei ya mtaani. Jina la video walikuwa wameshachagua wenyewe: "Negroni ya Mia Mbili". Walengwa, wakaandika bila haya, ni wanafunzi wa kampasi. Malipo elfu arobaini, nusu mbele, nusu ikishatoka.

Mimi wakati huo nilikuwa na kodi ya miezi miwili. Elfu nane mia tano kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe. Nilisema ndiyo kabla sijamaliza kusoma ujumbe.

Ili mwelewe kwa nini hiyo ndiyo ilikuja kunikwama kooni, lazima niwarudishe kwetu Malindi.

Wengi mnajua niliacha chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea ukadiriaji ujenzi. Hakuna hadithi ya tajiri wa kompyuta aliyeacha masomo akaenda kubadilisha dunia. Karo ilibaki, nikakosa mtihani mmoja, nikakosa wa pili, halafu nikaona aibu kurudi ofisini kuuliza. Aibu ikizidi wiki tatu inakuwa uamuzi. Nikapanda basi la usiku, nikashuka Mombasa, nikaunganisha matatu hadi nyumbani na begi moja na ndoo.

Mamangu amekuwa akipika kwa nyumba ya mama mmoja Mwitaliano tangu nikiwa darasa la nne. Kwa mtu wa bara hiyo inaweza kushangaza, lakini kwa Malindi si habari. Waitaliano wako na sisi tangu miaka ya sitini, pale serikali yao ilipoleta mradi wa San Marco wa kurusha setilaiti kutoka baharini upande wa Ngomeni. Wakaja wanasayansi, wakafuata watalii, wengine wakajenga kabisa. Ndiyo maana Malindi utapata kijana hajamaliza darasa la nane lakini anapiga Kiitaliano cha kununua na kuuza bila kukwama, na pitsa inajulikana kama chapati.

Huyo mama sisi tunamwita Sinyora. Anatoka Torino. Msimu wa wageni ulipofika alihitaji mkono wa kusaidia, mamangu akanitaja. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, sina kazi, na mamangu alikuwa bado anawaambia majirani niko likizo.

Kwa Sinyora kulikuwa na sheria moja. Jua likianza kushuka, kabla ya chakula cha usiku, watu wanakaa barazani wanakunywa kitu kimoja kidogo. Wao wanaita aperitivo, neno linalotokana na kufungua. Unafungua tumbo, unalitayarisha kwa chakula. Mezani kunakuwa na zeituni, vipande vya mkate, na kwa sababu tuko Malindi, korosho za Kilifi zilizokaangwa na chumvi. Glasi ni moja. Nikimuuliza mgeni kama aongezewe, Sinyora alikuwa ananiangalia kama nimemuuliza kama anataka kuoga mara mbili.

Mara ya kwanza kuonja Negroni nilidhani nimepewa mwarobaini. Wale mliolelewa na nyanya mnajua: ukipata homa, majani yanachemshwa, pua inashikwa, unamezeshwa. Nilikunja uso mpaka Sinyora akacheka. Akaniambia nisiteme, ningoje tone la pili. Nikangoja. La pili lilikuja na harufu ya chungwa, halafu utamu kwa mbali, halafu ule uchungu tena lakini sasa unaujua. Glasi ile ilinichukua dakika arobaini kuimaliza. Sikuwa nimewahi kunywa kitu chochote chenye pombe kwa dakika arobaini.

Sasa hiyo glasi ina nini? Vitu vitatu tu, vyote kwa kipimo sawa.

Cha kwanza ni jini. Naongea juu ya ile ya chupa, si yale ya kwetu Pwani. Ladha yake kuu inatoka kwa vitunda vidogo vya mti ambao ni ndugu ya mtarakwa wetu, ule ambao bara wanakata vigingi vya ua. Kuna hata jini ya Nairobi, Procera, inayotumia vitunda vya mtarakwa wa hapa hapa Kenya, lakini bei yake na keja yangu hawajuani. Jini yoyote kavu, isiyotiwa ladha ya matunda, inatosha.

Cha pili ni Campari. Hii ndiyo nyekundu na ndiyo chungu. Aliyeianzisha ni Gaspare Campari, mji wa Novara, mwaka 1860, na mchanganyiko wake ni siri mpaka leo. Zamani ile rangi ilikuwa inatoka kwa wadudu wadogo waliokaushwa wakasagwa. Usikunje uso, siku hizi wameachana na hayo sehemu nyingi.

Cha tatu ni vemuthi nyekundu. Hiyo ni divai iliyotiwa pombe kidogo, sukari, na majani na mizizi ya kila aina, mmojawapo ukiwa pakanga, ule mmea mchungu unaotajwa hata kwenye Biblia. Jina lenyewe limetokana na jina la pakanga kwa Kijerumani. Vemuthi tamu ya Torino inahusishwa na Antonio Benedetto Carpano, mwaka 1786, na Sinyora akifika hapo anakaa wima kama anaimba wimbo wa taifa.

Kuhusu jina, Waitaliano husimulia kwamba karibu mwaka 1919, kwenye mkahawa wa Casoni mjini Firenze, hesabu mmoja anayeitwa Camillo Negroni alichoka na kinywaji chake cha kawaida, Americano, ambacho ni Campari, vemuthi na soda. Hesabu hapa ni cheo cha kitajiri cha huko, si ile ya darasani. Akamwomba mhudumu, Fosco Scarselli, atoe soda aweke jini. Scarselli akaweka pia kipande cha chungwa badala ya limau ili glasi zisichanganyike. Basi. Mtu alitoa soda, akaingia kwenye historia.

Namna ya kutengeneza.

Usiku uliotangulia, gandisha barafu kubwa. Chukua kikombe cha plastiki au mkebe wa siagi, tia maji, weka kwa friza. Kama huna friji, omba kwa mwenye duka wa chini, mimi ndivyo nilivyoanza. Kipande kikubwa kinayeyuka polepole kuliko vipande vidogo vingi, na barafu ikiyeyuka haraka unakunywa maji ya rangi.

Kipimo: mililita 30 ya kila kimoja. Huna haja ya kununua kile kikombe cha chuma cha baa. Tafuta kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi ya watoto, kina alama za mililita pembeni. Kioshe vizuri. Au tumia kijiko cha kupimia cha mililita 15, mara mbili. Usipime kwa jicho. Nitarudi kwa hilo.

Mimina vitatu kwa glasi yenye barafu. Koroga taratibu kwa sekunde 20 hadi 30. Usitikise kama dawa. Hakuna juisi hapo ndani ya kuchanganya, ukitikisa unaingiza hewa na maji ya bure.

Chungwa: usiogope ya kwetu yakiwa kijani. Kwenye joto kama letu chungwa linaiva likiwa na ganda la kijani. Lioshe, kata ganda jembamba kwa kisu, uache ule weupe kwenye tunda. Likunje juu ya glasi, upande wa nje ukiangalia kinywaji. Utaona mafuta madogo yakiruka. Hayo mafuta ndiyo nusu ya Negroni. Tumbukiza ganda ndani, kaa chini.

Vemuthi ni divai, kwa hivyo ukishafungua chupa weka kwa friji na uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili. Mtu ameniambia Negroni yake ilikuwa na ladha ya siki. Nikamuuliza vemuthi iko wapi. Juu ya kabati, tangu Pasaka.

Sasa pesa. Mimi nilinunua Campari kwa elfu tatu, vemuthi elfu moja mia nane, jini elfu moja mia tano. Jumla elfu sita mia tatu. Chupa za mililita 750 zinatoa vipimo 25 vya mililita 30. Gawanya, unapata shilingi 252 kwa glasi. Ongeza chungwa na barafu, sema 270. Kwenye baa hapa mjini nimeiona zaidi ya mara tatu ya hapo. Watu watano wakichanga inawezekana. Lakini mia mbili? Haipo. Hata mimi ninayetengeneza kwa keja, bila kulipa mhudumu wala muziki, sijaifikisha mia mbili.

Na nguvu yake. Jini ya asilimia 40, mililita 30, ina mililita 12 za pombe tupu. Campari kwa asilimia 25 ina 7.5. Vemuthi kwa asilimia 16 ina karibu 4.8. Jumla ni kama mililita 24. Chupa ya Tusker ya nusu lita kwa asilimia 4.2 ina 21. Kwa hivyo hiyo glasi ndogo unayoiona imepita chupa nzima ya bia. Ndiyo maana nikasema usipime kwa jicho, na ndiyo maana Sinyora hakuongeza.

Turudi Oktoba.

Ile elfu ishirini ya kwanza iliingia kwa M-Pesa, na jioni hiyo hiyo elfu kumi na saba ikaenda kwa mwenye ploti. Iliyobaki ilikuwa bando na gesi. Halafu skripti ikaja. Ilikuwa ya sekunde arobaini na tano. Nilitakiwa nifungue ile chupa mbele ya kamera, niseme "Waitaliano wanakunywa Negroni kwa elfu moja, sisi tunakunywa kwa mia mbili," nimimine kwa glasi ya plastiki, nipige kelele "Shuka yote!", na niishushe yote kwa mara moja.

Wacha niwe mkweli. Nilijua si Negroni. Hakuna Campari, hakuna vemuthi, hakuna uchungu hata wa kusingizia. Ilikuwa spiriti na sukari na rangi. Ni bidhaa halali, ina stempu ya KRA, sitaki kumsingizia mtu sumu. Lakini jina halikuwa lake, na kile kilichokuwa kinaniuma zaidi ni "shuka yote". Hata hivyo nilirekodi. Nilirekodi mara kumi na moja mpaka sauti ikatoka vile walitaka. Nikasema nitaihariri nikiwa nyumbani Desemba.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mgema. Nyote mnajua ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Babu alikuwa anaichukia. Alikuwa anasema aliyeitunga hajawahi kupanda mnazi. Mgema, alisema, hatii maji kwa sababu ya sifa. Hutia maji akiwa na deni. Nikiwa mtoto nilicheka kwa sababu wakubwa walicheka. Oktoba nilimwelewa.

Mwanawe babu, yaani mjomba wangu, haoni. Sijawahi kuandika juu yake hapa. Mwaka 2014 alikuwa kibarua wa mjengo huko bara. Kama mnakumbuka, Mei mwaka huo redio zilijaa habari za watu waliokunywa pombe yenye methanoli. Wengi walikufa. Methanoli ni ndugu ya pombe ya kawaida na mdomoni huwezi kuitofautisha, lakini mwilini inageuka asidi inayoharibu mshipa wa jicho. Mjomba alilala Jumapili akiwa anaona, Jumatatu akauliza kwa nini kumekucha na ukungu. Alirudi Malindi ameshikwa mkono. Nilikuwa shule ya msingi. Nilikuwa wa kwanza kumwongoza chooni kwa sababu ndiye mimi niliyekuwa nyumbani.

Siku hizi anashona makuti. Unamletea majani ya mnazi na fito, anashona kwa vidole haraka kuliko watu wenye macho. Na anajua watu kwa sauti na kwa miguu. Hujapiga hodi ameshakuita jina. Nikirudi kutoka Nairobi baada ya miezi minane, nikikohoa tu nje, anasema, "Mpwangu amefika, mpikieni."

Desemba hiyo nilikuwa nimekaa uani, chini ya mwembe, nahariri. Mjomba alikuwa hatua tano kutoka kwangu na makuti yake. Spika ya masikioni ilikuwa imeharibika, nikaona si neno, nikacheza video kwa sauti. "Shuka yote!" Nikakata kidogo, nikarudia. "Shuka yote!" Nikarudia tena.

"Huyo ni nani?" mjomba akauliza.

"Nani, mjomba?"

"Huyo anayepiga kelele kwa simu yako."

"Ni mimi, mjomba."

Mikono yake ikasimama. Nadhani alikuwa anasubiri nicheke niseme natania. Sikucheka. Akasema, "Sikukujua." Halafu akaendelea kushona.

Hakuongeza neno. Mamangu angenihubiria, na ningekuwa na la kumjibu, maana mamangu tumejibizana tangu nilipoacha chuo na kila mtu anajua mistari yake. Kwa mjomba sikuwa na mstari. Huyu mtu amenijua kwa kikohozi miaka yote hiyo. Nikazima simu.

Jioni aliniuliza hiyo kazi yangu hasa ni nini. Mamangu huwaambia watu nafanya kompyuta. Nikamwelezea: jini, Campari, vemuthi, kipimo sawa, ganda la chungwa. Mjomba hajagusa pombe tangu 2014, na mamangu ni mama wa kanisa, kwa hivyo nikawatengenezea ile isiyo na pombe. Nitawapa pia, kwa sababu inafaa na ni rahisi. Chemsha kiganja cha maua makavu ya rosela kwenye kikombe kimoja cha maji, mpaka maji yawe mekundu kabisa, tia kijiko kimoja cha sukari, acha ipoe. Kwenye glasi yenye barafu weka mililita 60 ya hiyo rosela, jaza toniki, kunja ganda la chungwa juu. Uchungu wa toniki unatoka kwa kwinini, ile ile iliyokuwa dawa ya malaria.

Nilikunja ganda karibu na pua ya mjomba ili asikie harufu kwanza. Akavuta pumzi. Akaonja, akakunja uso vile mimi nilikunja kwa Sinyora.

"Hii ni dawa," akasema mamangu.

"Na ile ya Waitaliano ni chungu hivi?" mjomba akauliza.

"Inashinda hii, mjomba."

"Basi mtu haiharakishi." Akaonja tena. "Yetu ilikuwa tamu. Walitia soda. Tulikunywa kama watoto wa sherehe."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiongea juu ya siku ile kwa hiari yake. Tuliongea mpaka mbu wakatufukuza ndani.

Asubuhi niliwaandikia wale wa kampuni kwamba sitatoa video. Walinijibu kwa adabu kwamba mkataba niliosaini unasema nirudishe pesa. Walikuwa na haki. Pesa haikuwepo, ilikuwa imeshakuwa kodi. Tukakubaliana elfu mbili mbili. Mpaka leo nimelipa elfu kumi na nne, kwa kuhariri video za harusi za watu na kurudi kwa Sinyora msimu ukifika. Imebaki elfu sita. Nikiwa na njaa, usiku mwingine, huwa nafikiria ile elfu arobaini, siwadanganyi.

Sasa maoni yangu, mnaweza kunipinga. Siko hapa kusema Negroni ni bora kuliko keg. Shilingi 270 ni pesa, na mnazi mzuri wa babu ukinywea kwa mrija unashinda kokteli nyingi nilizoonja. Sisemi pia kwamba kitu cha bei rahisi ni kibaya na cha bei ghali ni salama. Ukinywa Negroni nne umeharibika tu, ukiwa umevaa vizuri. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo. Sisi wenye simu na wafuasi tukiita kitu jina, kiwe hicho. Tukionyesha mtu kinywaji, tumwambie kina nguvu ya chupa ngapi za bia. Na yule anayetulipa tupige kelele "shuka yote" kwa vijana waliotoka nyumbani mwaka jana, tumuulize kwa nini ana haraka hivyo.

Sina digrii. Wafuasi elfu arobaini leo wako, kesho programu ikibadilika hawako. Lakini mjomba akinisikia kwa simu ya mtu yeyote, nataka ajue ni mimi.

Ukitengeneza, nitumie picha, na nione kipimo chako. Kama uko chini ya miaka 18, yako ni ile ya rosela na usinijie na stori. Na kama kuna mtu ana harusi Aprili na hajapata wa kuhariri video, niko. Imebaki elfu sita.